PostgreSQL 9.6 kwenye Debian 13: naipata wapi?

kijana_wa_gerezani

Wakuu, heshima zenu. Naomba msaada, na muda wangu ni mpaka Jumapili.

Nasimamia kompyuta za duka la jumla la spea za magari hapa Gerezani, Kariakoo. Programu ya mauzo na stoo iliandikwa 2017 kwa PHP na kijana ambaye siku hizi hayuko nchini. Kanzidata ni PostgreSQL 9.6 juu ya Debian 9 (mfumo endeshi wa Linux). Miaka yote hii haijawahi kunilaza macho. Kinachokufa ni mashine yenyewe: mwezi uliopita umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja, tangu siku ile feni inakoroma na diski moja kati ya mbili inaripoti sekta mbovu. Bosi amenunua mashine mpya, imeshafika, nimeiwekea Debian 13.

Sasa nikiandika `apt install postgresql-9.6` naambiwa hakuna pakiti ya jina hilo. Iliyopo ni 17 tu.

Nilichopanga ni hiki: Jumamosi jioni tukifunga, nizime kanzidata, nihamishe folda nzima ya `/var/lib/postgresql/9.6/main` kwa rsync, ile programu ya kunakili mafaili (ni GB 11), nitafute 9.6 popote ilipo, niisimike kwenye mashine mpya, niwashe. Jumatatu saa 2 asubuhi mafundi wanakuwa wamepanga foleni kaunta, kwa hiyo lazima iwe inafanya kazi.

Programu sitaki kuigusa, maana aliyeiandika hayupo na mimi PHP naisoma kwa shida. Naomba mnielekeze 9.6 naipata wapi, na kama kuna hatari ya kuendelea nayo mniambie waziwazi.

juma_kontena

Kaka usihangaike. Weka Docker (inaendesha programu ndani ya kontena lililojitenga), vuta picha ya `postgres:9.6`, elekeza folda yako ya data ndani yake, umemaliza. Nina wateja wawili Tabata wanaendesha hivyo, mwaka wa pili sasa.

dada_kimara

Mdogo wangu wa Gerezani, kabla hujafanya rsync hiyo naomba unisome mpaka mwisho. Na Juma, naomba na wewe usome, kwa ajili ya hao wateja wawili.

Mwaka 2020 nilikuwa nasimamia kanzidata ya chama cha kuweka na kukopa cha wafanyabiashara hapa mjini, sitakitaja. Ilikuwa 9.6 juu ya Debian 9, kama yako. Nilipandisha mfumo kwenda Debian 10 palepale kwenye mashine. Debian 10 ilikuja na PostgreSQL 11, lakini 9.6 yangu ilibaki imesimikwa, nikaiacha iendelee. `pg_lsclusters` ilinionyesha rangi ya kijani, programu ikafunguka, ripoti za asubuhi zikatoka. Nikaandika kwenye daftari la kazi kwamba imekamilika.

Wiki ya tatu akaja mama mmoja na kitabu chake cha akiba, wa ukoo wa Ng'wandu. Karani akaandika jina, mfumo ukajibu hakuna mwanachama huyo. Akaandika tena polepole, herufi moja moja, mama akimsomea kutoka kwenye kitabu. Hakuna. Mama ana miaka tisa ndani ya chama kile. Nilisimama nyuma ya karani nikamwona yule mama anavyokunja na kukunjua kona ya kitabu chake, na mpaka leo nikiweka mikono kwenye kanzidata ya mtu namkumbuka.

Data yake ilikuwepo. Nilifungua psql nikaandika `SET enable_indexscan = off;` na `SET enable_bitmapscan = off;`, nikarudia swali lilelile, akatokea. Kwa hiyo jedwali lilikuwa zima, indeksi, ile orodha iliyopangwa ambayo kanzidata huitumia kutafuta haraka, ndiyo iliyokuwa inadanganya.

Sababu yake ni hii, na inakuhusu wewe moja kwa moja. PostgreSQL ikiwa imewekwa kwenye lugha kama en_US.UTF-8, haipangi maneno kwa sheria zake yenyewe, inaiuliza glibc, ile maktaba kuu ya mfumo. Debian 9 ina glibc 2.24. Debian 10 ina 2.28, na ndani ya 2.28 sheria za kupanga herufi zilibadilishwa. Zamani alama kama kistari na ritifaa zilirukwa kwanza, Ng'wandu akahesabiwa kama Ngwandu, akakaa baada ya Ngonyani na Ngowi. Kwenye 2.28 ritifaa ina uzito wake na inatangulia herufi zote, kwa hiyo Ng'wandu anatakiwa akae kabla ya hata Ngalawa. Lakini indeksi iliyo kwenye diski ilijengwa kwa sheria za zamani, haikujipanga upya. Ukimtafuta Ng'wandu, kanzidata inafika katikati, inakutana na Ngonyani, inasema huyu anatangulia, inageukia kushoto, na kule kushoto hayupo.

Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba haitoi kosa. Karani akiambiwa hayupo anamsajili upya, na ile unique (kanuni ya kuzuia marudio) tuliyoweka kwenye jina na namba ya simu inakubali, kwa sababu nayo inatumia indeksi ileile iliyovurugika. Nilikuta wanachama 41 walioandikwa mara mbili, wengine wameshaweka fedha kwenye akaunti zote mbili. Kuwaunganisha kulichukua siku sita, mimi na mhasibu, kitabu kwa kitabu. Na ukishakuwa na marudio, REINDEX (amri ya kujenga indeksi upya) inagoma mpaka uyaondoe.

Sasa angalia duka lako. Namba za spea za Toyota zina vistari: 90915-YZZE1, 90915-10003. Na nina hakika wapo wauzaji wako wanaochapa bila kistari, kwa hiyo ndani ya jedwali kuna 9091520001 imekaa katikati ya zenye vistari. Kwa sheria ya zamani mpangilio ni 90915-10003, 9091520001, 90915-YZZE1. Kwa mpya zenye vistari zinatangulia zote. Ukibeba folda ile kama ilivyo, muuzaji atachapa 90915-YZZE1, mfumo utasema hakuna, na maboksi ya filta yako rafuni nyuma yake.

Jaribu mwenyewe sasa hivi kwenye mashine zote mbili:

`printf '1-1\n11\n' | LC_ALL=en_US.UTF-8 sort`

Debian 9 itaanza na 11. Debian 13 itaanza na 1-1. (Hakikisha lugha hiyo imewezeshwa kwenye mashine mpya, vinginevyo jibu halitakuwa na maana.) Kisha kwenye 9.6 yako andika `\l` uone safu ya Collate. Ikiwa ni C, jambo hili halikugusi. Ikiwa ni en_US au sw_TZ, linakugusa.

Juma, Docker haikukingi na hili. Ndani ya kontena kuna glibc yake, inategemea picha ile imejengwa juu ya Debian ipi, na ile ya alpine haitumii glibc kabisa, inatumia musl. Kama hao wateja ulihamisha folda kutoka mashine yenye mfumo mwingine, tafadhali wapigie leo, REINDEX zote zinazobeba maandishi. Kama ulitoa data na kuirudisha upya ndani ya kontena, uko salama kwa upande huo.

Kwa hiyo kijana, ushauri wangu: usihamishe folda, hamisha data. `pg_dump` ya 17 inajua kusoma kanzidata za zamani mpaka 9.2, hivyo mashine mpya inaweza kuivuta 9.6 yako kupitia waya wa mtandao. Tumia ya 17, usitumie ya 9.6:

`pg_dumpall -h anwani_ya_zamani -U postgres --globals-only > watumiaji.sql`

`pg_dump -h anwani_ya_zamani -U postgres -Fc -f duka.dump duka`

Halafu rudisha watumiaji kwa `psql -f watumiaji.sql postgres`, `createdb duka`, kisha `pg_restore -j 4 -d duka duka.dump`. Indeksi zote zinajengwa upya kwa sheria za mashine mpya, na tatizo la mpangilio linakwisha. GB 11 ni kazi ya usiku mmoja na unabaki na muda wa kulala.

Usisubiri Jumamosi. Ifanye leo usiku kama zoezi wakati ya zamani inaendelea kuuza. Ikiharibika unafuta unaanza tena, hakuna aliyeumia.

mkongwe_wa_ubungo

Dada kasema lililo la muhimu kuliko yote. Mimi niongeze upande wa pakiti, maana swali lake la kwanza lilikuwa 9.6 inapatikana wapi, na ni haki alijibiwe.

Debian hubeba toleo kuu moja tu la PostgreSQL kwa kila toleo la mfumo. Debian 9 ilikuja na PostgreSQL 9.6, Debian 10 na 11, Debian 11 na 13, Debian 12 na 15, na Debian 13 hii iliyotoka Agosti 2025 ina 17. Watu hudhani ni uvivu. Si hivyo. Wenyewe wa PostgreSQL huhudumia kila toleo kuu kwa miaka 5. 9.6 ilitoka Septemba 2016, na 9.6.24 ya Novemba 2021 ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo kila tundu la usalama linalogunduliwa, mtu lazima asome marekebisho yaliyoandikwa kwa ajili ya matoleo mapya, aangalie kama 9.6 nayo inaumwa, ayarudishe kwa mkono kwenye msimbo ambao umeshabadilika, ajaribu, ajenge, asaini. Mara matoleo matano ya zamani, mara kila aina ya prosesa. Wanaofanya kazi hiyo Debian wengi ni wa kujitolea.

Mimi nimewahi kuifanya. Nina mteja mmoja mwenye mashine ya kiwandani iliyofungwa na 9.6, aliyeitengeneza hakubali ibadilishwe. Februari 2025 lilipotangazwa lile tundu la CVE-2025-1094, la zile kazi za libpq (maktaba inayounganisha programu na PostgreSQL) zinazokinga maandishi yasigeuke kuwa amri, marekebisho yalitolewa kwa 13 mpaka 17 basi. PHP nayo inapitia humo kwenye `pg_escape_string`. Nilikaa usiku wa siku mbili nikiyarudisha 9.6. Msimbo ulikuwa umehamishwa faili, majaribio yake yanahitaji vitu ambavyo 9.6 haina, na hata nilipomaliza sikuwa na mtu wa pili wa kunisomea. Naona fahari kwa kazi ile, lakini sitamshauri mtu mwenye duka aishi hivyo. Kila baada ya miezi mitatu timu ya PostgreSQL hutoa masasisho, na kila yakitoka mimi naacha kilichoko mkononi naanza kusoma.

Kama unaihitaji kweli, ziko njia. Ghala la apt.postgresql.org linaendeshwa na watu walewale wanaotengeneza pakiti za PostgreSQL ndani ya Debian, lina matoleo yote yanayohudumiwa kwa pamoja, na pakiti zilizostaafu ziko apt-archive.postgresql.org. Za Debian 9 yenyewe ziko archive.debian.org. Kuna pia kampuni ya Freexian inayouza huduma ya kurefusha maisha ya Debian mpaka miaka 10. Lakini kupata pakiti ni kupata faili tu. Anayeitunza ni nani? Kwa duka la spea, jibu ni wewe, peke yako, usiku.

Hapo ndipo ghala lile linafaa kwako kwa namna nyingine: PostgreSQL 17 itakapostaafu, yaani Novemba 2029, huhitaji kusubiri kubadilisha mfumo mzima. Pakiti ya postgresql-common inakuwezesha kuweka matoleo mawili bega kwa bega kwenye mashine moja, kila moja na folda yake na porti yake, halafu `pg_upgradecluster` inahamisha. Ya zamani inabaki porti nyingine haijiwashi, mpaka utakapoifuta mwenyewe kwa `pg_dropcluster`.

Swali moja kwako. Fungua `/etc/postgresql/9.6/main/postgresql.conf`, tafuta `default_with_oids`. Imeandikwa nini?

kijana_wa_gerezani

Dada Kimara na mkongwe, asanteni sana. Collate ni en_US.UTF-8. Nimejaribu ule mstari wa printf, mashine zimejibu kinyume kabisa, nikakaa chini.

Mkongwe, imeandikwa `on`. Umejuaje?

mkongwe_wa_ubungo

Programu nyingi nilizokutana nazo za aina hiyo, mwandishi alijifunza kwa vitabu vya zamani. OID ni namba iliyofichwa iliyokuwa ikipewa kila mstari wa jedwali. Kwenye PostgreSQL 12 iliondolewa kwa majedwali ya kawaida. `pg_dump` ya 17 itatoa data yako vizuri, lakini ile namba iliyofichwa haitakuja. Kama programu inaitegemea, itakwama. Tafuta ndani ya PHP:

`grep -rnE "pg_last_oid|\boid\b" /var/www/duka`

kijana_wa_gerezani

Imetoa mistari minne. Mitatu ni `pg_last_oid`, kwenye faili la kuhifadhi mauzo, la kupokea mzigo, na la kurudisha mzigo. Wa nne ni ripoti ya zamani ambayo hakuna anayeifungua. Ile ya mauzo inahifadhi mstari wa risiti, inachukua hiyo oid, halafu inatafuta `SELECT id FROM risiti WHERE oid = ...` ili ichape namba. Maana yake risiti zisingetoka?

dada_kimara

Zisingetoka. Lakini dawa yake ni ndogo na PHP yako inatosha. Mwisho wa INSERT ongeza `RETURNING id`, kisha soma jibu kwa `pg_fetch_result($jibu, 0, 0)`, ufute ile SELECT ya pili. RETURNING ipo tangu 8.2, kwa hiyo unaweza kubadilisha leo kwenye mashine ya zamani, uone risiti zinatoka juu ya 9.6, kabla hujahama. Badilisha kitu kimoja, angalia, ndipo uguse kingine.

Mambo mengine mawili. Debian 13 ina PHP 8.4 na yako imezoea 7.0, kwa hiyo makosa mengine utayakuta huko (`each()` kwa mfano haipo tena). Ukiona muda hautoshi, acha PHP kwenye mashine ya zamani kwa wiki moja au mbili, ihamishe kanzidata peke yake, maana diski mbovu haitaki kusubiri na data ndiyo haina mbadala. Ukifanya hivyo, jua kwamba 17 huhifadhi nywila kwa scram-sha-256, njia mpya kuliko md5, na libpq ya Debian 9 haiijui. Weka `password_encryption = md5` kwa muda, mpe mtumiaji wa programu nywila upya, na kwenye pg_hba.conf mstari wa mashine ile uandike md5. PHP ikihamia, rudisha scram. Andika kwenye karatasi ubandike ukutani usije ukasahau.

juma_kontena

Dada, nimewapigia. Mmoja nilirudisha kwa dump, huyo yuko sawa. Wa pili nilibeba folda. Leo jioni nimeenda, nimekuta bidhaa 7 zimeandikwa mara mbili kwenye orodha, zote zina kistari kwenye jina. Tumeunganisha, REINDEX imepita. Asante.

kijana_wa_gerezani

Wakuu, marejesho.

Zoezi nililifanya Alhamisi usiku. `pg_dump` ilichukua dakika 26 kupitia swichi ya dukani, `pg_restore` dakika 19. Mabadiliko ya RETURNING niliyaweka Ijumaa asubuhi kwenye mashine ya zamani, siku nzima risiti zikatoka bila shida.

Jumamosi tulifunga saa 12 jioni. Saa 1 na nusu umeme ukakatika katikati ya restore. Mashine mpya iko kwenye UPS, swichi haikuwepo, lakini dump ilikuwa imeshafika kwenye diski ya hapa, kwa hiyo restore iliendelea mpaka mwisho. Nilihesabu mistari ya kila jedwali pande zote mbili, majedwali 63, zikalingana zote. Halafu nikachukua orodha ya namba zote za spea, nikaitafuta moja moja kupitia indeksi kwa script ndogo. Hakuna iliyopotea.

PHP bado iko mashine ya zamani kama dada alivyoshauri. `each()` nimeikuta sehemu 11, nazirekebisha taratibu.

Leo Jumatatu saa 2 na dakika 10 fundi wa kwanza aliulizia filta ya mafuta. Nilimwomba muuzaji aniachie kibodi, nikachapa 90915-YZZE1 mwenyewe. Imetokea, maboksi 38, rafu ya C.

Diski ile yenye sekta mbovu nimeichomoa na kuweka nyingine. Nimeiandika tarehe kwa maka peni, iko kwenye droo ya bosi.